Mbwa Aliyetafuna Makoa

Daktari wa mifugo hamsemeshi mwenye mbwa kabla hajamsemesha mbwa mwenyewe. Hupiga magoti sakafuni, mikono ikiwa imeoshwa hadi viwikoni, akamnong'oneza mgonjwa sikioni, kisha hufumba macho na kusikiliza kifua chake kama mtu anayetega sikio mlangoni. Baba yake mzazi, ambaye hupita jioni warudi nyumbani pamoja, huyatazama hayo yote kutoka kwenye benchi, na kila mara hujikuta naye amebana pumzi.

Leo mama mmoja aliingia mbiombio amembeba mbwa aliyekuwa akikohoa damu. "Kakwamwa na mfupa, daktari. Utoe tu!" Daktari hakubisha. Alisikiliza kifua, akafumbua macho. "Mama, kwako kuna bustani? Na makoa je, wale kama konokono wasio na gamba?"

"Tele! Huyu huwatafuna kama peremende."

Daktari alikipima kinyesi cha mbwa kwa hadubini, na humo akaona minyoo michanga ikijinyonganyonga. "Aliimeza minyoo pamoja na makoa, ikahamia mapafuni ikazaa; hii michanga aliikohoa, akaimeza, ikatokea kinyesini. Mngechelewa kidogo angetutoka. Lakini tumemuwahi, mama. Dawa ipo, atapona."

Mama yule alishusha pumzi, akafuta machozi kwa kiganja, akamgeukia mzee wa kwenye benchi. "Na wewe, mzee wangu, umeleta mnyama gani?"

Mzee alinyoosha kola ya shati lake. "Mimi, mwanangu, nimemleta daktari."