Kisanduku cha Kwenye Mwimo

Duka la vitenge nililofanyia kazi katika ujana wangu lilikuwa mali ya Myahudi aliyefika Bukavu kabla sijazaliwa. Kwetu Wakatoliki, Wayahudi walikuwa watu wa Biblia. Hatukudhani wanauza vitenge. Yeye mwenyewe hakupenda jambo hilo lizungumzwe. Kwenye mwimo wa kulia wa mlango alikuwa amepigilia kisanduku cha bati, kirefu kama kidole, kimeinama upande kidogo. Sikuwahi kumwona akikigusa mbele ya wateja.

Mwanawe, rika langu, alizaliwa hapa hapa, na alikuwa kinyume chake. Nyota ya ncha sita aliivaa juu ya shati. Kila asubuhi, tukishafungua, aligusa kisanduku kisha akabusu vidole.

"Mutoto wa patron," mama mmoja mchuuzi wa Minova alimtania, "unabusu mulango kila siku. Utaoa lini?"

"Siku utanipa binti yako, maman."

Wanawake wakacheka. Baba yake, nyuma ya kaunta, hakucheka.

"Ficha hiyo nyota," alimwambia baadaye. "Tumeishi hapa kimya."

"Wewe ndiye umeishi kimya, Papa."

Kisha serikali ikaamua kwamba maduka ya wageni wapewe wananchi. Aliyepewa la kwetu alifika amevaa abakosti, lile koti lisilo na tai la watu wa serikali, akiwa na askari mmoja, akakagua kila bunda. Siku ya kukabidhi, kijana alichukua koleo akaanza kung'oa misumari ya kisanduku.

"Acha hapo," yule mpya akasema. "Nimepewa duka pamoja na dawa yake."

"Si dawa, citoyen. Ndani kuna maneno ya Mungu, yameandikwa kwa mkono. Babu yangu alitoka nayo kwao. Ni ya nyumba yetu."

"Kama haina nguvu, unaililia nini? Na kama iko na nguvu, inabaki."

Askari akasogea. Mzee akamshika mwanawe mkono: "Tuache, mwanangu. Twende."

Kijana hakutoka mlangoni. Akauliza polepole, "Unataka kisanduku, ao maneno?"

Yule akacheka. "Kisanduku. Maneno niko nayo mengi."

Basi kijana akafungua kifuniko, akavuta kipande cha ngozi nyembamba kilichokunjwa kama sigara, akakitia mfukoni mwa shati. Kisanduku akakiacha pale pale, kitupu.

Alipokuwa akitoka, mkono wake ukapanda wenyewe kuelekea mwimo, kama asubuhi zote. Akausimamisha kabla haujagusa. Baba yake akaona. Mbele ya askari, mbele ya wale wanawake wachuuzi waliokuja kutazama na sisi sote, mzee akagusa mfuko wa shati la mwanawe, kisha akabusu vidole.

Wakateremka kuelekea mto Ruzizi, kwenye mpaka wa nchi. Sikuwaona tena. Yule mpya akaniagiza nilete nyundo, kwa sababu kisanduku kilikuwa kimelegea.