Nyumba Niliyoisema Vibaya

Mtathmini wa manispaa alipokuja kupima nyumba yetu ya Tororo, mama alimpa chai, kisha akaisifu nyumba. Wiki ile ile alikuwa amemzungusha mnunuzi chumba kwa chumba, na sifa zilikuwa bado ziko mdomoni. Alionyesha vigae, tangi la maji, na vyumba vitatu vya mbele vyenye wapangaji.

"Hapa chumba hakikai wazi," alisema. "Mmoja akitoka asubuhi, jioni mwingine ameshaingiza godoro."

Nilikuwa nyuma ya mtathmini nikimkonyeza. Mama akaniuliza mbele ya mgeni kama jicho lilikuwa linaniuma.

Kwetu Uganda, nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo. Kinachotozwa ni kile unachopangisha, na kodi hufuata pesa ambazo vyumba vingeweza kuleta kwa mwaka. Upimaji wa mwisho ulifanyika baba akiwa hai, wakati barabara yetu ilikuwa vumbi tupu na vyumba havina dari. Sasa lami imefika, dari ipo, na mama amemweleza mtathmini kwamba wapangaji wanagombania milango. Thamani mpya ilipotoka, ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya zamani.

Mama hakujali sana. Yeye alikuwa akiwaza Busia. Ana meza ya mitumba sokoni huko mpakani, na kwa miaka mingi ameondoka Tororo kabla hakujapambazuka na kurudi giza limeingia, magoti yakimlalamikia kila ngazi. Nyuma ya soko kulikuwa na nyumba ndogo ambayo mwenyewe alikubali kumsubiri kidogo. Tukiuza ya Tororo, tunanunua ile. Tusipouza kwa bei nzuri, anaipata mtu mwingine, na mama anaendelea na safari zake, au anarudi kijijini Sop Sop kulima na bibi, jambo ambalo hataki hata kulisikia.

Mimi nilimaliza chuo, sina kazi, kwa hiyo nina nafasi ya kufikiri. Niliona jinsi mambo yatakavyokwenda: mnunuzi atauliza kodi, ataitoa kwenye pango la mwaka, ataona kilichobaki ni kidogo, atashusha bei, nyumba ya Busia itakwenda, magoti ya mama yatakwisha. Yote hayo niliyamaliza kabla chai yangu haijapoa.

"Mama, tupinge," nilisema. "Sheria inaruhusu."

"Nenda kapinge. Wewe ndiye umesoma."

Nilijiandaa kwa kikao cha pingamizi kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa mwisho. Nilizunguka nyumba nikiitazama kwa jicho la adui. Nilipanda ngazi nikachungulia bati. Nilipitisha kidole kwenye ufa. Mpangaji mmoja, dereva wa lori, aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa manispaa, wazi kwa kila mtu, watu wamejaa kwenye mabenchi. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaanza. Nikasema bati linavuja. Nikasema malori ya saruji yakipita ukuta wa mbele unatetemeka, na ufa wake unaingia kalamu. Nikasema mfereji wa paa umeoza, maji yanamwagika mlangoni mwa wapangaji, choo cha nje mlango wake umefungwa kwa waya. Nilisema na mambo ambayo sikuulizwa. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya ualimu, alinyanyua mkono.

"Kijana, inatosha. Ukiendelea hiyo nyumba itatuangukia hapa."

Ukumbi ukacheka. Thamani ikapunguzwa, ikabaki juu kidogo tu ya ile ya zamani. Niligeuka kwenda kukaa nikiwa mwepesi kama karatasi, na kwenye benchi la tatu, kofia yake nyeupe ikiwa gotini, nikamwona Hajji. Ndiye mnunuzi wetu. Ana malori na vyumba vyake vya kupangisha hapo mjini, na yeye pia alikuwa amekuja kupinga.

Alinitazama kwa upole mkubwa. "Profesa," akasema, "salimia mama. Mwambie nakuja kesho."

Nilipomweleza mama, alikunja kitenge alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ulisema na choo?"

"Nilisema."

"Na waya?"

"Na waya."

"Yesu wangu! Nilizaa mtoto au nilizaa shahidi?"

Hajji alikuja kesho yake, akakataa kiti. "Mama, mimi nakuja kununua nyumba, kijana yako nasema imekufa."

"Hajji, huyo anaogopa hata kivuli chake. Bati linavuja mvua ikitoka upande wa mwamba tu."

"Na mvua ya Tororo natoka upande gani?"

Mama akageuka kuutazama mwamba ule mkubwa ulioinuka juu ya mji. Ni kweli, mvua yetu kubwa hutokea kule kule mwambani.

Hajji alizunguka na mimi, akinitaka nimwonyeshe kila nilichokitaja ukumbini. Aliuliza kalamu, akaiingiza kwenye ufa. "Kalamu naingia kichwa tu. Ulitia chumvi." Alipoufikia mlango wa choo, akacheka mpaka akashika kiuno.

Mimi nilikuwa nikisubiri bei ishuke. Lakini Hajji alikuwa ameshapiga hesabu ambayo mimi, katika kufikiri kwangu kote, sikuipiga. Akinunua, vyumba vyote atapangisha, na kodi ya majengo itakuwa yake. Thamani niliyoipunguza ingemfuata yeye mpaka watakapopima tena.

"Wewe umenipigania kodi bila kukutuma," alisema. "Bei ya mama siigusi. Lakini bati, mfereji, ukuta, choo, natengenezwa kabla sijalipa. Na wewe mwenyewe nashika mwiko."

"Hajji, yeye hajawahi kushika mwiko," mama alisema.

"Mdomo alishika vizuri."

Fundi alikuja, nikamsaidia. Nilichanganya plasta, nikaziba ufa, nikapaka rangi vibaya na kupaka tena. Siku tuliyomaliza nilisimama barabarani nikaitazama nyumba, nikaona sasa ndiyo inafanana na ile aliyoiandika mtathmini baada ya kunywa chai. Niliwaza kama nilipaswa kurudi kwa mwenyekiti kumwambia. Mama aliniita nibebe ngazi.

Hajji alilipa. Tulihamia Busia kabla mwenye nyumba hajachoka kusubiri. Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa limeshatoka na mama alikuwa bado nyumbani, anakunywa uji polepole, jambo ambalo sikumbuki kuliona siku ya kazi. Kuna chumba kimoja kinachotazama barabara, na nilikuwa nimeanza kukiwaza.

"Mama, hicho cha mbele tukikipangisha, manispaa ya huku watakuja..."

"Hicho ni chako, mpaka upate kazi."

Alijitwika robota lake la nguo na kutoka kwa miguu. Soko lilionekana kutoka mlangoni. Hatua chache mbele akageuka.

"Mtathmini akija, wewe usifungue mdomo."

"Na wewe usimpe chai."

Alikwenda akicheka peke yake, bila haraka.