Saa Moja na Robo Hadi Mwanza

Mama yangu alikuwa hajaongea na mdogo wake tangu tulipomzika bibi. Mama mdogo aliishi Mwanza, na siku ile alifika Handeni watu wameshatoka makaburini. Alieleza kuwa basi liliharibika njiani. Mama hakutaka kusikia.

Basi habari zilipokuja kwamba mama mdogo amelazwa na hali si nzuri, mama alifika kwangu Old Korogwe asubuhi na mapema, na begi lake mkononi.

"Twende kwa basi," alisema. "Siku mbili zitanitosha."

"Zitakutosha kwa nini, mama?"

"Kufikiri nitamwambia nini."

Nilimwambia siku mbili ni nyingi kwa mgonjwa, na kwamba nimeshakata tiketi za ndege kutoka Kilimanjaro. Angani hakuna kuzunguka, nikamweleza. Kilomita hazifiki mia tano, saa moja na robo hivi tumefika. Aliniangalia kana kwamba nimemnyang'anya kitu.

Kwa mtu wa Korogwe, kuifuata ndege ni safari ndefu kuliko ndege yenyewe. Tulipita Mkumbara, milima ikiwa kulia kwetu, tukaendelea kwa saa kadhaa. Midomo ya mama ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasoma dua. Kumbe anajaribu maneno, akiyaona makali anayaacha.

Ndege iliporuka alinishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia akatazama mawingu. Haikupita muda, tukatangaziwa kuwa tunaanza kushuka. Ziwa likaonekana.

"Mbona mapema hivi?" aliuliza. "Mimi bado."

Nje ya uwanja wa Mwanza alikataa kupanda teksi. Tulikaa kwenye benchi karibu nusu saa, watu wakipita na mizigo yao. Sikumharakisha. Hatimaye aliinuka, akajifunga khanga vizuri.

"Maneno hayaji," alisema. "Twende hivyo hivyo."

Hospitalini tulimkuta mama mdogo amekonda mno. Alipomwona dada yake mlangoni alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Shikamoo, dada."

Mama alisimama pale pale. Niliogopa angegeuka.

"Marahaba," alijibu. Kisha akamuuliza kwa Kizigua kama amekula.

Mama mdogo akatikisa kichwa. Pembeni kulikuwa na uji umeanza kupoa. Mama akaketi kitandani, akachukua kijiko, akaanza kumlisha. Mama mdogo alimeza huku machozi yanamtoka, na mama akawa anampangusa kwa ncha ya khanga yake. Msiba wa bibi haukutajwa siku ile, wala siku zilizofuata.

Kazi iliniita, nikarudi Korogwe peke yangu. Mama alibaki. Mama mdogo aliruhusiwa kwenda nyumbani, na wiki chache baadaye walinipigia simu wote wawili, wakigombania nani aongee nami kwanza.