Hatua Aliyonionyesha Mzee

Mzee alimfunga mfalme wangu wa sataranji mchana wa Jumapili, katika ukumbi wa parokia yetu hapa Likasi, halafu akaniomba nisiondoke. Alikuwa mtu wa mkoa wa Kasai, mchora ramani wa mgodi aliyestaafu. Mimi ni mshonaji, na nilikuwa sijapoteza mchezo pale kwa miezi mingi.

Sikumwamini. Katikati ya mchezo alitoka nje mara mbili, na simu yake ilikuwa mfukoni. Kila aliporudi alisogeza kete upesi, kama mtu aliyekwisha kuambiwa la kufanya. Isitoshe, nyumbani kwetu nililelewa nikisikia kwamba watu wa Kasai hawatoi kitu bure. Nilidhani nimeyaacha maneno hayo, kumbe yalikuwa yananingoja.

Alifungua daftari. Alikuwa ameandika hatua zote, zangu na zake.

"Mama, tuirudilie," akasema. "Tuone fasi gani ulipotea."

Nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi kila alipotoka. Akajibu bila kukasirika kwamba ana ugonjwa wa sukari, na choo hakimpi nafasi. Jibu lilikuwa zuri mno kwangu, sikulipokea.

Tukapanga kete upya, kutafuta nilipokosea. Tulipofika mahali nilipokuwa nimerudisha mnara kujilinda, akanizuia mkono. Akachukua farasi wangu, akamweka mahali alipowatisha mfalme wake na malkia wake kwa pamoja.

"Apa nilikuwa nimekufa," akasema. "Weye haukuangalia muchezo, mama. Uliangalia mufuko yangu."

Niliona aibu, kwa sababu ni kweli. Hatua ile ilikuwa wazi, nami wakati ule nilikuwa nikitazama kama mfuko wa koti lake unatoa mwanga. Nikanakili ukurasa ule, nikamshukuru kwa shingo upande, nikaenda zangu.

Jumanne, wateja walipopungua, nilipanga kete juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikamweka farasi palepale. Mfalme wake akakimbia, nikamla malkia. Kisha nikaona mnara wake ukishuka hadi mstari wangu wa mwisho, ambapo mfalme wangu amezibwa na askari wake mwenyewe. Ningekufa mimi. Ilinipasa kwanza kusogeza askari mmoja, mfalme apate dirisha, ndipo farasi aende.

Hasira zikarudi. Kwa nini mtu aliyechora ramani maisha yake yote asiuone mstari ulionyooka? Labda alinipa kosa hilo makusudi, ili nilirudie siku nyingine. Niliishi na wazo hilo hadi Jumapili.

Nilimkuta amefika kabla yangu. Sikumsalimu vizuri. Nikapanga kete, nikamweka farasi palepale, nikashusha mnara wake, nikamtazama usoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miye sikuonaka," akasema.

Uso wake haukuniambia lolote, na hadi leo sina hakika kama alisema kweli. Lakini aligeuza daftari upande wangu, akanipa kalamu, akaniomba niandike mwenyewe hatua hiyo ya mnara chini ya maandishi yake. Nikaandika. Akasoma mara mbili, akaanza kurudisha kete mahali pake.

Tukaanza mchezo mpya, mimi na kete nyeupe. Alitoka nje mara moja, nami sikuinua macho. Alinishinda tena, ila safari hii mchezo ulidumu hadi karibu na jioni, na mimi ndiye niliyemwomba tuurudie.