Samaki wa Juu ya Kapu

Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, walimwita Bwana Rula, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatizwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiketi kwenye kigoda kando ya mzani, ubao wa kupimia umelala magotini pake, akimlaza samaki mmoja mmoja, mdomo ukigusa kizingiti cha ubao na mkia ukinyooshwa taratibu, kisha akiandika sentimita zake kwa penseli. Hati yake ilikuwa ile ya zamani, ya watoto waliofundishwa na masista kuegemeza herufi zote upande mmoja. Wavuvi walimtania wakisema, "Bwana Rula, ukimaliza hao nipime na mimi, nijue kama nimefikia kuoa." Naye alicheka kidogo bila kuinua kichwa, maana kazi ile haikutaka papara.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja, na aliijua kama sala ya asubuhi. Kapu lililochaguliwa humwagwa lote juu ya turubai, samaki wakachanganywa, ndipo thelathini wakachukuliwa bila kuteua. Wachuuzi, kama tujuavyo sote, hupanga wakubwa juu na wadogo chini. Apimaye bila kumwaga hupima urembo wa kapu, hapimi samaki wa ziwani.

Kanuni hiyo aliishika barabara hadi mwaka ule mama mkwe wake alipofiwa na mumewe, akaanza kuchuuza samaki ili asiwe mzigo kwa watoto. Siku ya kwanza kapu lake lilipochaguliwa, Bwana Rula alisimama na turubai mkononi akawa kama aliyepigwa na butwaa. Alijua kilichokuwa chini: perege wachanga wasiofikia kipimo cha sheria, ambao wachuuzi wote waliwanunua kimyakimya na kuwafunika. Yeye hakuwa askari wala hakumtoza mtu faini. Kazi yake ilikuwa kuandika tu. Lakini angemwagaje kapu la mkwewe mbele ya kadamnasi, ilhali hata kumtazama usoni alimtazama kwa kuibia? Akasema kwa sauti ndogo, "Leo watatosha wa juu, Mama."

Hapo uadilifu wake wenyewe ukampoteza. Asije akaambiwa kwamba anampendelea mkwe, kesho yake hakumwaga kapu la mtu yeyote. Aliwapima wote wa juu tu, akajituliza moyo kwamba sasa amewatendea sawasawa. Siku zikawa miezi, na miezi ikawa miaka mitatu. Daftari lilijaa perege wanono, kwa hati iliyoegemea upande mmoja.

Ukafika mwezi ambao Daktari, binti mtafiti wa samaki aliyekuwa akiyapokea madaftari hayo na kuyapeleka mjini, alikuja mwaloni amejaa furaha. Alimwonyesha Bwana Rula mchoro wa mstari unaopanda. Samaki, alisema, wameongezeka urefu kwa sentimita nne. Basi ghuba ya mazalia, iliyofungwa miaka minane ili samaki wapate kuzaliana, sasa yaweza kufunguliwa kwa nyavu. Mkutano utakuwa Jumamosi, na Bwana Rula ataitwa mbele apigiwe makofi. Alimshukuru kwa kuinamisha kichwa, akarudi nyumbani asionje chakula. Mkewe alipomuuliza kulikoni, alisema tumbo.

Alhamisi asubuhi aliipanda ngazi ya ofisi ya utafiti. Kilikuwa chumba chembamba, rafu zimejaa mitungi ya samaki waliohifadhiwa kwenye dawa, macho yao meupe yakimtazama kila aingiaye. Daktari alimkaribisha kiti, akamwambia wala asihofu, hotuba haitakuwa ndefu.

"Daktari," alisema akiwa bado amesimama, "hao samaki hawajakua."

"Unasemaje, Mzee?"

"Ni wa juu ya kapu tu. Sijamwaga kapu miaka mitatu."

Binti yule aliweka kalamu chini. Kisha akamwuliza ni kwa nini, naye akajibu kwamba aliona haya. Haya ya nani? Akageuka kuitazama mitungi. Daktari akamweleza, pasipo kupandisha sauti, kwamba ghuba ile ingefunguliwa, misimu miwili ingetosha kuikausha mbegu yote ya ziwa, na wote wangesema sayansi ndiyo iliyoagiza.

"Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako," alisema hatimaye. "Nami nitasimama karibu nawe. Nilipaswa kuja kuona unavyopima, sikuja."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wavuvi walikuwa wamekwisha kushona nyavu zao, na wengine walikuwa wamepaka mitumbwi rangi mpya. Bwana Rula alisimama mbele yao amekunja kofia mikononi, akasema yote kama alivyoyasema ofisini, macho yake yameshikwa na sakafu. Alipomaliza, mvuvi mmoja mwenye ndevu nyingi alisema kwa sauti:

"Kumbe samaki wetu wamenenepea kwenye daftari."

Wakacheka, na kicheko kile kilimwuma kuliko matusi. Mwingine akataka kujua alianzia kapu la nani. Wachuuzi wakatazamana. Mama mkwe wake alikuwa mstari wa tatu, ameketi wima, mikono mapajani.

"Ni kapu nililoshindwa kulimwaga mimi," alijibu. "Mwenyewe hakuniomba."

Daktari akatangaza kwamba vipimo vya miaka mitatu vimefutwa, ghuba itabaki imefungwa, na kazi itaanza upya, miaka mitatu mingine. Watu wakatoka wakiburura viti.

Nje, penye bomba la maji, mama mkwe alikuwa akimngojea.

"Baba," alimwita, kama alivyomwita tangu siku ya harusi, "mimi nilidhani ofisi imebadili utaratibu. Mbona hukuniambia, Mama, mwaga? Ningemwaga. Ningeaibika asubuhi moja, yakaisha."

Hakuyasema kwa ukali. Alijifunga vizuri kanga yake, akaondoka kwa mwendo wake wa taratibu. Bwana Rula akabaki pale bombani na kofia yake mkononi, huku wavuvi wakimpita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimsalimu kwa upole uliozidi kiasi, kama watu wanavyomsalimu mgonjwa.