Kijakazi na Waitikiaji wa Sandukuni

Kijakazi hajapata kumwomba mtu radhi. Hilo mjini kati wanalijua wote, tangu wauza kanzu mpaka walimu wa chuoni. Akikukanyaga ngazini atakwambia, "Na wewe, mguu mrefu hivyo wautandaza wapi?" Akichelewa kwenye shughuli, basi shughuli ndiyo iliyowahi. Marehemu mumewe, karani wa duka la vitambaa, aliishi naye kwa raha kwa sababu alijifunza mapema kuomba radhi za watu wawili.

Anakaa ghorofani, nyuma ya msikiti, anashona madera. Na sauti anayo. Hapo usibishe, utajiaibisha bure. Watu wa pwani walioko Nairobi wakioza binti, hawaulizani nani ataimba siku ya wanawake, wanaulizana tu kama Kijakazi ana nafasi.

Tena ana mtindo wake. Kwake bi harusi haingii hivi hivi kama mtu anayeingia benki. Kijakazi huimba ubeti, bi harusi amesimama pale mlangoni kajifunika, kimya. Waitikiaji wakipokea kitikio, ndipo anatembea. Kitikio kikiisha anasimama tena, asogee nani! Mabinti hufundishwa hivyo wiki nzima, wengine wanaujua mwendo huo kuliko wanavyojua majina ya mawifi zao.

Waitikiaji walikuwa watatu, Ridhaa na wadogo zake wawili. Miaka na miaka wakisimama nyuma ya Kijakazi. Sasa siku moja, kwenye shughuli Kilimani, Ridhaa akasogea mbele kidogo, si sana, upana wa kigoda. Kijakazi akageuka, na maiki iko mkononi, inasikiza kila kitu.

"Rudi nyuma wewe! Kwani watu wamekuja kukuona wewe?"

Ukumbi mzima ukasikia, na walioko jikoni wakasikia. Wale watatu wakachukua mabuibui yao wakaondoka kabla ya biriani, na hapo ndipo ujue jambo lilikuwa kubwa. Baadaye wakatuma mtu: hawarudi mpaka Kijakazi aombe radhi, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Kijakazi akamrudisha yule yule mjumbe: "Waambie walisahau chupa yao ya maji."

Lakini usingizi haukumjia vizuri. Harusi ya binti wa Bi Nabiha ilikuwa imekaribia, kule Spring Valley, na Bi Nabiha si mtu wa kuharibiwa harusi. Ikiharibika hiyo, wataleta mwimbaji kutoka Mombasa, na watu wakishaonja wa Mombasa, Kijakazi atabaki kuiimbia cherehani. Kwa hiyo ama apate waitikiaji wengine, ama akaombe radhi. Na kuomba radhi mwenyewe hajui huanzwaje.

Mpiga kinanda wake ni Zedekiah, mtu wa magharibi mwa nchi, anakaa Kabiria. Jumapili hupiga kanisani, siku nyingine hutengeneza redio, na wiki za harusi hupiga taarab nyuma ya pazia, maana shughuli za wanawake mwanamume haruhusiwi kuona. Amepiga kwenye harusi nyingi na hajapata kumwona bi harusi hata mmoja.

"Mama, hiyo isikusumbue," Zedekiah akasema. "Iko mashine. Unaikanyaga na mguu, unaimba peke yako, inatoka watu watatu juu yako. Kwa kanisa yetu wasichana wa sauti ya pili waliolewa wote, saa hii ni mashine ndio inatubeba."

"Hao watu watatu wanakula?"

"Wanakula stima tu."

"Wanataka kusimama mbele?"

"Mama, wako ndani ya sanduku."

"Nipeleke nikawaone."

Zedekiah akaiazima kanisani, akampeleka Kijakazi nyumbani kwake. Kweli kilikuwa kisanduku, ukubwa wa kibati cha biskuti, kina vifungo vya kukanyaga na taa nyekundu. Nyaya zikatoka kwenye maiki, zikaingia humo, nyingine zikatoka kwenye kinanda, nazo zikaingia humo humo. Zedekiah akaimba wimbo wao wa kanisani akakanyaga, na sebule ya Kabiria ikajaa watu ambao hawapo. Mkewe, Caren, akatoka jikoni na vikombe vya chai vya wageni, akatazama huku na huku, akarudi navyo.

Zamu ya Kijakazi ilipofika, mambo yakaharibika. Alipoipinda sauti yake ile ya kwao, ile inayopanda na kuteremka kama moshi wa udi, kisanduku kikapaparika. Wale watatu wa ndani wakaruka huku, wakaruka kule, wakalia kama mbuzi waliokatazwa kuvuka barabara.

"Mama, usiipinde!" Zedekiah akapiga kelele. "Hii inasikiza keyboard, inajua tu noti zenye nimeipatia. Hiyo yako iko katikati ya noti na noti. Haina mlango hapo."

"Basi toboa mlango."

"Haitoboki, Mama."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Kijakazi akanyoosha sauti kidogo, kwa uchungu, kama mtu anayevaa viatu vya mwenziwe. Zedekiah akamwambia, "Sasa imba yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, usikate." Akaimba yote. Beti akaimba yeye, kitikio akaimba yeye, na wale watatu nyuma yake wanamfuata kwa utii, hakuna wa kuomba maji, hakuna wa kusogea. Kijakazi akakipapasa kisanduku kama paka.

"Hawa ndio watu," akasema.

Siku ikafika. Tenti nyeupe uwanjani kwa Bi Nabiha, nyasi zimekatwa mpaka unaona haya kuzikanyaga. Zedekiah akawekwa nyuma ya pazia na kinanda chake na sahani ya sambusa. Kijakazi akapanda jukwaani na dera la zari, kisanduku kiko chini, na dera limekifunika chote, kwa hiyo ilibidi akitafute kwa kidole cha mguu. Na mbele kabisa, viti vya heshima, nani wamekaa? Ridhaa na wadogo zake. Bi Nabiha ni jamaa yao, angewaachaje? Wamejipamba, sahani ziko mapajani, midomo wameibana.

Wimbo wa kwanza, usio na kitikio, ukaenda. Wanawake wakaangaliana: mwimbaji mmoja, sauti nne! Shangazi mmoja akashindwa kujizuia, akapanda kutuza, akapiga kigelegele mdomo uko kwenye maiki. Kisanduku nacho kikakidaka, kikakitoa mara nne. Mbwa wa Spring Valley wote wakaanza kubweka, nyumba hadi nyumba, hadi kule barabarani.

"Umewaleta majini, Bi Kijakazi?" mtu akauliza.

"Nimeleta watu wenye adabu," Kijakazi akajibu, na jicho liko kwa Ridhaa.

Kisha Bi Nabiha akatoa ishara. Bi harusi yuko mlangoni. Watu kimya, simu juu. Kijakazi akaimba ubeti wa kwanza, ukatulia, mzuri, na sauti nne zikajaa tenti. Akamaliza. Akashusha maiki, kama alivyofanya maisha yake yote, akachukua gilasi ya maji, akanywa.

Kimya.

Kinanda kinakwenda nyuma ya pazia, tirititi, tirititi. Bi harusi amesimama. Kijakazi akameza maji na moyo ukamshuka nayo. Kitikio kiko wapi? Akakitafuta kisanduku kwa mguu, akakikanyaga, akakikanyaga tena. Kisanduku hakisemi. Kitasemaje, na yeye amenyamaza? Kile huimba ukiimba, ukinyamaza kinanyamaza. Kule Kabiria hakuliona hilo, maana aliimba yote mwenyewe. Na Zedekiah angejuaje? Kwao kwaya huimba pamoja. Na yeye Kijakazi kitikio hajapata kukisikiliza, wakati wa kitikio hunywa maji, hupokea tuzo, hufunga leso. Ilikuwa kazi ya watu wengine.

"Mama, stima imepotea?" Zedekiah akanong'ona kwenye pazia.

Ikabidi aimbe mwenyewe:

*Fungueni, fungueni,*
*mwana mwema aingie.*

Bi harusi akapiga hatua mbili. Lakini kitikio hurudiwa, na kilipokwisha ubeti ukawa unamngoja, na baada ya ubeti kitikio tena, na pa kupumulia hapana. Ubeti wa pili ukaanza kumkatikia. Sauti ikapinda yenyewe, ikaingia pale pasipo na mlango, na wale wa sandukuni wakalia kama mbuzi. Watoto wakacheka. Kijakazi akabonyeza kwa kisigino, taa ikazimika, akabaki mmoja, anahema.

Bi harusi katikati ya njia, mguu mmoja mbele, haendi wala harudi.

"Twende jamani, viatu vinanibana," akasikika ndani ya mtandio.

Bi Nabiha akamtazama Kijakazi kwa jicho ambalo tayari limeshafika Mombasa. Kijakazi akamtazama Ridhaa. Ridhaa akainua kijiko, akala, akatafuna taratibu. Anangoja neno moja tu, na maiki iko pale pale. Kijakazi akafungua mdomo kulisema. Wallahi alilitafuta, akalipekua kifuani kote. Halikuwapo. Akatoa alichonacho:

*Kuna watu wamekaa,*
*sahani zimewajaa,*
*sauti zimechakaa,*
*kuitika hawawezi.*

"Uuu!" wanawake wakafanya. Kila mtu alijua nani kapigwa kijembe. Na kwa taarab ukipigwa ukanyamaza, umekubali.

Kijiko cha Ridhaa kikaanguka. Mdogo wake akamshika dera. "Dada, kaa, ndivyo anavyotaka." Akae nani? Ridhaa akasimama pale pale, bila maiki, akajibu kwa sauti iliyotikisa nguzo za tenti:

*Aliyetukana jana,*
*pumzi zimembana,*
*kisanduku chamkana,*
*sasa ataka wenzake!*

Vigelegele! Tuzo zikamrukia Ridhaa badala ya jukwaa. Na alipomaliza ubeti, damu ikiwa bado inachemka, mdomo ukaenda wenyewe ulikozoea kwenda: *Fungueni, fungueni.* Wadogo zake wakapokea kabla hawajajijua, mmoja juu, mmoja chini, zimelala sauti zile kama nyuzi za mkeka. Bi harusi akamshukuru Mungu, akatembea.

Kijakazi akampiga ubeti mwingine. Ridhaa akaurudisha. Wakapigana hivyo, kitikio kati yao, mpaka bi harusi akafika kwenye kiti akakaa akavua viatu. Watu wanasema hawajapata kuona bi harusi akiletwa vizuri namna ile. Bi Nabiha alikuwa analia, na si kwa hasira.

Baadaye wakati wa pilau Ridhaa akamfuata Kijakazi jukwaani.

"Usidhani tumekusamehe."

"Nani kaomba?"

"Basi na shughuli ya Jumamosi hatuji."

Kijakazi alikuwa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. Zedekiah akauliza nyuma ya pazia, "Mama, hii mashine nirudishe kanisani?"

"Rudisha," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Dada yangu, koo lako limekauka. Umeimba bila maiki."

"Maiki si unayo wewe?"

Kijakazi akakitazama kile kijiti cha kusimamishia maiki kama mtu anayetazama jino lake likienda kung'olewa. Akakishika, akakisogeza kando upana wa kigoda, pakabaki nafasi ya mtu mmoja mbele.

Ridhaa akaipima nafasi ile kwa macho.

"Ndogo," akasema.

Kijakazi akavuta pumzi, akakisogeza tena.