Siku Watoto wa Madame Walipoposwa

Harufu ya dawa ya nywele, ikichanganyika na harufu ya mbwa aliyelowa mvua, hunirudisha moja kwa moja kwenye saluni ya mama, kule Overport, mtaa wa ugenini, mbali na kwetu Kongo. Wengine wangeziba pua. Mimi hutabasamu peke yangu, kisha naangalia kama kuna aliyeniona.

Mbwa mwenyewe tulimwita Madame. Hakuwa wa mtu. Kila asubuhi alikuja kulala mlangoni, miguu ya mbele ameikunja vizuri, kama mteja anayengoja zamu yake ya kusukwa. Sikio lake moja lilikuwa jeupe. Tantine Furaha, shangazi wa saluni nzima, aliyesuka pamoja na mama, alimtupia ngozi za kuku na kumnong'oneza siri za wateja.

Madame alipozaa mara ya kwanza, nyuma ya saluni, mama aligawa watoto kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Tukaona tumemaliza. Lakini mvua zilipokuja tulimkuta mmoja wao kwenye mapipa ya taka nyuma ya maduka, mbavu nje, sikio jeupe limejaa matope. Nilimwita, akanikimbia.

Kwa hiyo Madame alipozaa tena, mama alitangaza mbele ya saluni nzima: "Safari hii hatutoi ovyo. Mwenye kutaka mtoto, akuje kuposa."

Wanawake walicheka hadi Tantine Furaha akaangusha kitana. Mama hakuwa na mzaha. Kwetu Wakongo mtu haji kuchukua binti peke yake kama anayenunua mkate. Huja na watu wake, na kila upande una msemaji: mmoja anaomba, mwingine anauliza, wazee wanasikiliza. Msemaji wa upande wa bibi harusi, mama akasema akininyooshea kidole, nitakuwa mimi.

Mimi! Mtoto niliyeagizwa chumvi dukani nikarudi mikono mitupu, kwa sababu nilishindwa kufungua mdomo.

"Ni wewe unashinda nao kule nyuma," mama aliniambia. "Utauliza tu: atalala wapi, atakula nini. Na mahari yetu ni moja. Akikomaa, apelekwe kwa daktari wa wanyama afungwe kizazi."

"Eish, Mama Neema!" Tantine akasema. "Unaoza bibi harusi na unamukataza kuzaa?"

"Kabisa. Na Madame mwenyewe ataanza."

Jumamosi tulipanga viti pande mbili. Wa kwanza kuja alikuwa bibi mmoja Mzulu, jirani yetu, tuliyemwita Gogo, yaani nyanya kwa Kizulu. Niliuliza kwa sauti ndogo mno hata akainama na kuweka sikio karibu na mdomo wangu. Alijibu vizuri, akaondoka na dume lake limelala ndani ya shali.

Kisha akaingia Papa Didier, mwenye duka la simu la pembeni, mtu ambaye wote walimwita patron, bosi. Alikuja peke yake, na boksi tupu.

"Nipeni ya kike," akasema. "Nitamuzalisha, watoto nitauza pale kwa robot, magari ikisimama kungoja taa."

Jike lilikuwa moja tu, yule mdogo mwenye sikio jeupe la mama yake, aliyezoea kulala juu ya mguu wangu. Mama aliniangalia tu. Nikajua kwamba nikikaa kimya, boksi lile litaondoka naye.

"Atalala wapi?" nikauliza.

"Nje, na munyororo."

"Na watoto wake?"

"Hiyo watajua wenye kununua," akacheka.

"Wa kwanza tulitoa hivyo," nikasema. "Mmoja anakula kwa mapipa, nyuma ya duka yako. Hapana, papa. Hatutoi. Rudi na watu wako."

Vigelegele vililipuka! Mteja mmoja alisimama na nywele zake nusu zimesukwa, akacheza. Papa Didier akatoka na boksi lake, na mimi nikakimbilia chooni kujificha kwa aibu.

Jumamosi iliyofuata alirudi amevaa koti, mke wake mbele, kaka yake nyuma amebeba kreti ya Fanta.

"Bwana yangu ameniambia kuna mutoto alimufukuza," mke akasema. "Nikasema lazima nimuone huyo."

Mbwa angelala jikoni, akaahidi, na kwa daktari angempeleka yeye mwenyewe. Nikamkabidhi. Tukanywa Fanta, Tantine akacheza mpaka kiatu kikamtoka, na Madame akabaki mlangoni, mkwe wa watu, akipiga sakafu kwa mkia.

Miaka ile niliona ni mchezo mtamu wa saluni. Nilipokua ndipo mama aliponisimulia jinsi alivyofika mji huu, mimi nikiwa mgongoni, hajui mtu, akipita mlango hadi mlango. Watu walimuuliza mambo mengi, ametoka wapi, ana karatasi gani, atarudi lini kwao. Yale maswali mawili aliyonipa niulize, atalala wapi, atakula nini, hakuna aliyemuuliza yeye.